Mcheza kwa Jirani: Benson Wanjau, Mzee Ojwang' na Maadili ya Kuazima Ulimi

1.0 Utangulizi

Mcheza kwao hutunzwa, husema Waswahili. Katika uhakiki wa sanaa zetu za maonyesho methali hii imezoeleka kutumiwa kama sifa ya msanii anayeenzi utamaduni wake. Aghalabu husahauliwa kwamba methali yenyewe imebeba sharti. Anayetunzwa ni yule achezaye kwao, mbele ya hadhira inayomjua baba yake, ukoo wake na kijiji chake. Haituambii lolote juu ya yule achezaye kwa jirani, katika ngoma ya jirani na kwa ulimi wa jirani. Je, huyu hutunzwa na nani? Na kabla ya kutunzwa, je, ana haki gani ya kuingia uwanjani?

Makala haya yananuia kulijadili swali hilo kwa kuchunguza maisha ya kisanaa ya Benson Wanjau, mwigizaji Mkikuyu ambaye kwa zaidi ya miongo miwili aliigiza katika televisheni ya taifa ya Kenya nafasi ya mzee wa Kiluo aitwaye Ojwang'. Tunalijadili tukiwa na mahali mahususi akilini, yaani mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kwa sababu tunaamini kwamba huko ndiko sikio lililouelewa uigizaji huu lilikofunzwa. Hoja yetu kuu ni kwamba kuazima ulimi wa mtu mwingine si kosa kwa dhati yake, wala si haki ya msanii isiyohojiwa. Ni tendo la aina ya utani, na utani katika jamii zetu huhalalishwa na deni linaloambatana nao. Tutaonyesha kwamba Wanjau alilipa sehemu yake ya deni hilo kwa gharama kubwa, na kwamba sehemu iliyosalia ilikuwa juu yetu sisi tuliocheka.

2.0 Mwigizaji na Mhusika Wake

Kipindi cha Vitimbi kilianza enzi za Sauti ya Kenya, shirika ambalo mwaka 1989 lilipata jina jipya la Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC. Hadi KTN ilipoanzishwa mwaka 1990, Kenya ilikuwa na kituo kimoja tu cha televisheni. Jambo hili si dogo kwa mhakiki. Lina maana kwamba vichekesho vya Vitimbi na vya ndugu yake Vioja Mahakamani havikuchaguliwa na mtazamaji miongoni mwa vingi. Mwenye televisheni, jirani wa mwenye televisheni na mtoto wa jirani wa jirani, wote walitazama kitu kimoja kwa saa moja. Ni vigumu kwa mwanafunzi wa leo kukadiria uzito wa hali hiyo.

Katika Vitimbi, Wanjau alikuwa Ojwang', bwana wa nyumba mwenye hasira za karibu, mwenye kujiona, ambaye kiburi chake kilimwingiza katika mashaka ambayo mkewe, Mama Kayai, alikuwa ameyaona kwa mbali. Mama Kayai aliigizwa na Mary Khavere, naye pia si Mluo kwa nasaba bali ni mwenyeji wa Magharibi mwa Kenya. Kwa hiyo nyumba ya Kiluo iliyojulikana zaidi katika televisheni ya Kenya ilikuwa imejengwa na Mkikuyu na Mluhya. Watazamaji wengi waliamini kwamba wawili hao walikuwa mume na mke nje ya kipindi, na imani hiyo haikukoma hata baada ya wao wenyewe kuikanusha.

Inafaa tutue kidogo kwenye ufundi wenyewe, kwa maana wahakiki wetu wamezoea kuuita ucheshi wa aina hii kuwa rahisi. Dholuo haina sauti /ʃ/, wala /z/, wala /v/. Mzee wa Kiluo ambaye Kiswahili chake hakikupitia darasani huelekea kuzigeuza, shida ikawa sida na zawadi ikawa sawadi. Gĩkũyũ nayo ina mitego yake. Haipambanui /l/ na /r/, na msemaji wake huchanganya kula na kura. Dholuo hupambanua sauti hizo mbili bila taabu. Mwigizaji Mkikuyu anayetaka kuwa mzee wa Kiluo ana kazi mbili kwa wakati mmoja. Inambidi aukandamize mkengeuko wake mwenyewe wa Kiswahili, kisha auvae wa jirani, pamoja na kiimbo chake, pumzi yake na namna yake ya kukasirika. Yote haya huyafanya katika lugha ya tatu, Kiswahili, ambayo si ya kwanza kwa yeyote kati yao. Anayedhani kwamba hilo ni jambo jepesi na ajaribu kulidumisha kwa dakika tano bila kuteleza.

Wanjau alifariki tarehe 12 Julai 2015 katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, akiwa na umri wa miaka 78, na akazikwa katika makaburi ya Lang'ata. Ukihesabu kurudi nyuma utaona kwamba alipoanza kuigiza mzee katika miaka ya 1980 hakuwa mzee. Alikuwa mtu wa makamo aliyeazima uzee kama alivyoazima ulimi. Uzee ukamfikia akiwa kazini, na bila shaka iko siku ambayo hakuhitaji tena kuuigiza. Ulimi tu ndio uliobaki kuwa wa mkopo.

3.0 Sikio la Eastlands

Kwa nini Eastlands? Studio za KBC hazipo huko, na Vitimbi hakikudai kuwa kipindi cha mtaa wowote. Jibu letu ni kwamba ucheshi wa lafudhi hauwezi kueleweka na mtu aliyekulia mahali penye lafudhi moja. Unahitaji hadhira iliyozoea kusikia Kiswahili kikitamkwa kwa namna nyingi, na iliyojifunza kutambua kila namna imetoka wapi. Hadhira hiyo ilizaliwa Pumwani, iliyoanzishwa katika miaka ya 1920, ikakua Kaloleni, iliyojengwa katika miaka ya 1940, kisha ikaenea Bahati, Maringo, Mbotela, Ofafa, Jericho, Makongeni, na baadaye Dandora, Umoja na Buruburu katika miaka ya 1970. Katika mitaa hiyo watu waliotoka bara kutafuta kazi za reli, za manispaa na za nyumba za wazungu walijikuta wakigawana bomba moja la maji, na lugha waliyoweza kugombania bomba hilo ilikuwa Kiswahili. Ndiko pia Sheng ilikochipuka.

Mitaa hii inajua vilevile kwamba lafudhi si mchezo. Tarehe 24 Aprili 1954 serikali ya kikoloni ilianza Operesheni Anvil. Askari waliuzingira mji, wakawakagua Waafrika mtaa kwa mtaa, na Wakikuyu, Waembu na Wameru wakatengwa na wengine. Zaidi ya watu 20,000 walipelekwa vizuizini, wengi wao Lang'ata, Mackinnon Road na Manyani. Siku hizo jina la mtu na jinsi alivyotamka neno vilikuwa ushahidi dhidi yake. Mtu aliyeweza kupita kwa ulimi wa jirani alikuwa na sababu ya kuuazima ambayo haikuwa na uhusiano wowote na kuchekesha.

Baada ya uhuru, ulimi huohuo ukageuzwa kuwa mchezo wa watoto. Katika mitaa iliyochanganyika watoto walijifunza mapema kumwiga mama wa mlango wa tatu, na mama huyo naye akawaiga wao na wazazi wao. Mchezo huo ulikuwa na sheria isiyoandikwa ambayo kila mtoto wa plotini aliifahamu. Uliweza kumwiga jirani mbele yake. Kumwiga asipokuwepo, mbele ya watu wa kabila lako peke yenu, lilikuwa jambo jingine kabisa, na wazee walikukemea. Tofauti hii ya kuwepo na kutokuwepo kwa anayeigwa ndiyo tunayoiona kuwa msingi wa maadili ya uigaji, na tutairejelea.

Vitimbi kilipoingia katika vyumba hivyo, kilikuta mchezo unaoendelea. Nyumba moja yenye televisheni ilikusanya majirani wa makabila manne au matano. Mluo aliyetazama Ojwang' alitazama akiwa amekaa bega kwa bega na Mkikuyu na Mkamba. Kama alidhihakiwa, alidhihakiwa akiwapo. Kama alicheka, majirani walimwona akicheka. Na zamu ilikuwa inazunguka, kwa kuwa kina Makokha na Masanduku arap Simiti wa Vioja Mahakamani waliletwa kizimbani kila mmoja na lafudhi ya kwao, na hapakuwa na jamii iliyosalia ikiwacheka wengine bila yenyewe kuchekwa.

4.0 Pingamizi

Pingamizi dhidi ya uigizaji wa aina hii ni zito na hatuna nia ya kulikwepa. Linasema hivi: mhusika anayejengwa juu ya lafudhi ni mhusika bapa. Humfunga Mluo katika kiburi, Mluhya katika chakula, Mkikuyu katika pesa na Mkamba katika utiifu. Hata hadhira ikicheka kwa mapenzi, kicheko hicho huizoesha kumtazama mtu na kuona kabila. Tena anayeuazima ulimi haubebi mzigo wake. Wanjau akiivua kofia ya Ojwang', aliurudia Ukikuyu wake, ilhali Mluo aliyekuwa akinyimwa kazi kwa ajili ya jina lake hakuwa na pa kuliweka.

Ulimwengu wa nje una mfano unaolitilia nguvu pingamizi hili. Mwaka 1964 Laurence Olivier, aliyehesabiwa kuwa mwigizaji mkuu wa Uingereza wa karne yake, aliigiza Othello katika Jumba la Taifa la Maonyesho mjini London, na mwaka uliofuata onyesho hilo likafanywa filamu. Alijipaka weusi mwili mzima, akaifunza sauti yake kushuka chini kuliko ilivyokuwa kwa kawaida, akabuni mwendo aliouona kuwa wa Mwafrika. Kwa ufundi mtupu, bidii yake haina tofauti na ya Wanjau. Lakini hata siku hizo wapo waliokereka, hasa Marekani, ambako harakati za haki za raia weusi zilikuwa zimepamba moto. Leo filamu hiyo hutazamwa kwa haya hata na wanaokiri ukubwa wa mwigizaji.

Tofauti iko wapi basi? Wengine watasema ipo katika rangi, kwamba Mkikuyu na Mluo wote ni Waafrika na kwa hiyo uigaji kati yao ni wa ndugu. Hatulikubali jibu hili. Historia ya Kenya haituruhusu kusema kwamba uhasama baina ya ndugu ni mwepesi kwa sababu ni wa ndugu. Wengine watadai kwamba suluhisho ni kila mtu kuigiza wa kwao. Jibu hili nalo lina kasoro. Charles Bukeko, aliyefariki tarehe 18 Julai 2020, alikuwa Mluhya, na katika Papa Shirandula alimwigiza bawabu wa Kiluhya anayeificha kazi yake. Alikuwa mwigizaji mahiri. Lakini sura ya Mluhya kuwa bawabu haikupungua ubapa kwa sababu aliyeivaa alikuwa Mluhya. Nasaba ya mwigizaji haimkingi mhusika na dhana iliyokwisha kumfunga.

Kipimo chetu kinatoka plotini. Tunauliza kama anayeigwa yumo chumbani, kama ana uwezo wa kujibu, na kama anayeiga naye yuko tayari kuigwa. Katika ukumbi wa Olivier mtu aliyeigwa hakuwa na zamu. Jukwaa la taifa la Uingereza la mwaka 1964 halikuwa mahali ambapo mwigizaji mweusi angeweza kesho yake kumwiga bwana wa Kiingereza na kushangiliwa. Katika Vitimbi na Vioja, zamu ilikuwapo. Hatudai kwamba mizani ilikuwa sawa sawia, kwa sababu nguvu za kisiasa na za kiuchumi nchini hazikugawanywa kama zilivyogawanywa zamu za kuchekwa. Tunadai tu kwamba mlango wa kujibu haukufungwa.

5.0 Utani kama Kipimo cha Maadili

Fikra zetu wenyewe zina dhana inayolieleza jambo hili vizuri kuliko nadharia za uigaji tulizorithi kwa Wagiriki. Plato, katika kitabu cha tatu cha Jamhuri, alimwogopa mwigaji kwa kuwa mtu anayewaiga wengine kwa muda mrefu huishia kufanana nao. Hofu yake ilikuwa juu ya nafsi ya mwigaji. Hakuuliza sana juu ya anayeigwa. Dhana ya utani huwaona wote wawili.

Utani umeandikwa juu yake kwa mapana, hasa baina ya makabila ya Tanzania bara ambayo yalikutana katika vita na katika misafara ya biashara ya karne ya 19. Watani wana ruhusa ya kutaniana kwa maneno ambayo mtu mwingine akiyatamka ni matusi. Wanaweza kuchukuliana vitu, kuigana, kusutana hadharani. Anayeutazama utani kwa juujuu huishia hapo, akadhani ni leseni ya mzaha. Anayeutazama kwa ndani huona kwamba leseni hiyo imelipiwa. Mtani ndiye anayekuja msibani wakati wenye msiba wamelemewa. Hushika kazi ambazo ndugu hawawezi kuzishika kwa uchungu, husaidia maziko, humwiga marehemu mbele ya wafiwa mpaka wakacheka huku wanalia. Mtu ambaye hakuja kunizika hakuwa na haki ya kunitania. Mzaha na jembe la kaburi ni sehemu mbili za mkataba mmoja.

Wakikuyu na Waluo hawakurithi utani wa aina hii kutoka kwa mababu. Walikutana kwa wingi mjini, chini ya serikali iliyowapangia pa kulala, kisha chini ya siasa zilizowashindanisha, hasa baada ya mwaka 1966 Oginga Odinga alipojiuzulu umakamu wa rais na baada ya Tom Mboya kuuawa mwezi Julai 1969. Mji haukuwa na watani wa kuwapatanisha. Tunachopendekeza ni kwamba mitaa ya Eastlands ilianza kuubuni utani huo bila kuupa jina, katika foleni ya maji, katika viwanja vya mpira na katika vyama vya kuzikana, na kwamba Benson Wanjau aliupeleka kwenye televisheni ya taifa. Alimtania Mluo kila wiki. Kwa mujibu wa kipimo chetu, swali linalofuata ni kama jembe nalo lilishikwa.

6.0 Ulimi Uliposhindwa

Mwezi wa Desemba 2007 nchi ilipiga kura, na baada ya matokeo ya urais kutangazwa ikaingia katika machafuko. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki iliripoti kwamba watu 1,133 waliuawa. Nairobi, umwagaji damu ulishika zaidi katika mitaa ya mabanda na ile iliyopakana nayo: Kibera, Mathare, Huruma, Kariobangi, Dandora, Korogocho. Majirani wengi, Wakikuyu na Waluo miongoni mwao, waligeukiana. Watu walidaiwa vitambulisho ili majina yao yasomwe. Waliosemeshwa kwa lugha ya kabila fulani walitakiwa kujibu kwa lugha hiyohiyo. Kwa mara ya pili katika historia ya mitaa hii, baada ya mwaka 1954, matamshi ya mtu yakawa ushahidi dhidi yake.

Vitimbi kilikuwa bado kipo hewani miaka hiyo. Hili ndilo jambo linalopaswa kumsumbua kila mhakiki anayeusifu ucheshi wa makabila kama chombo cha umoja wa taifa. Sikio lililofundishwa kwa miongo miwili kutambua lafudhi kwa ajili ya kucheka lilikuwa sikio lilelile lililotambua lafudhi kizuizini. Hatuwezi kudai kwamba ucheshi uliwafunza watu kuua. Hakuna ushahidi wa hilo, na tungekuwa tumemdhulumu msanii. Lakini pia hatuwezi kudai kwamba uliwazuia. Kicheko kilikuwepo, na hakikutosha.

Kwa nini hakikutosha? Tukirejea kwenye utani, jibu linaanza kuonekana. Utani wa televisheni ulikuwa na nusu moja tu ya mkataba. Hadhira ilipewa ruhusa ya kucheka, lakini haikudaiwa chochote. Mtazamaji aliweza kumpenda Ojwang' jioni na asubuhi akamkatalia jirani yake Ojwang' halisi nyumba ya kupanga. Plotini mzaha ulikuwa na malipo: aliyenitania ndiye aliyenichotea maji nilipougua. Mzaha ulipohamia kwenye kioo, malipo yalibaki nyuma. Kosa hili halikuwa la mwigizaji. Yeye alitimiza zamu yake ya utani, tena kwa heshima. Waliotakiwa kuitimiza nusu ya pili walikuwa watazamaji, na dola iliyowarushia kipindi.

Aidha, kipo kitu kimoja ambacho mwili wa Wanjau ulikuwa ukikithibitisha kila wiki na ambacho hatukukisikiliza. Kama Mkikuyu anaweza kuwa Mluo kwa nusu saa kiasi cha kuwadanganya Waluo wenyewe, basi kile tunachokiita kabila katika sauti ya mtu ni vazi, na vazi huvaliwa na yeyote aliye na subira ya kujifunza kulivaa. Mtu aliyemtambua jirani kizuizini kwa lafudhi yake alikuwa ameshangilia kwa miaka ushahidi kwamba lafudhi haithibitishi kitu.

7.0 Jina Lililomezwa

Tumesema kwamba Wanjau alilipa gharama kubwa. Gharama hiyo ilikuwa jina lake. Wakenya waliomjua Mzee Ojwang' walikuwa mamilioni. Waliolijua jina la Benson Wanjau kabla ya taarifa za kifo chake walikuwa wachache mno. Barabarani hakuitwa kwa jina la baba yake. Katika jamii ambayo jina la mtu hutajwa mtoto anapozaliwa ili babu asipotee, kuishi kwa jina la mhusika kwa sehemu kubwa ya utu uzima si jambo la mzaha.

Tunaweza kumlinganisha na mwigizaji mwingine wa jukwaa na filamu wa Uingereza ambaye kisa chake kinatugusa kwa karibu zaidi kuliko cha Olivier. Ben Kingsley alizaliwa Yorkshire mwaka 1943 kwa jina la Krishna Bhanji. Baba yake, daktari mwenye asili ya Kigujarati, alizaliwa Kenya, na babu yake alifanya biashara ya viungo Zanzibar. Kijana huyo aliliacha jina la Bhanji kwa kuhofia kwamba lingemfungia milango, na hilo jipya la Kingsley linahusishwa na lakabu ya babu yake huyo wa karafuu. Alijiunga na Royal Shakespeare Company mwaka 1967, na filamu ya Gandhi ya mwaka 1982 ilimpatia tuzo ya Oscar kwa kumwigiza mwana wa Gujarati ambaye jina la Bhanji lingemwita jamaa. Naye pia alibadili jina ili aweze kuigiza. Lakini tofauti ni kubwa. Kingsley aliuza jina moja akanunua jingine, na jina alilolinunua ni lake. Limeandikwa kwenye mikataba, na mwaka 2002 liliwekewa mbele cheo cha Sir. Jina alilolijenga Wanjau halikuwa lake kisheria wala kimila. Lilikuwa la mhusika, la kipindi na la hadhira.

Suala hili lina upande wa riziki. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 iliwatambua waigizaji kuwa na haki katika maonyesho yao yanaporekodiwa na kurushwa. Lakini sehemu kubwa ya umaarufu wa Ojwang' ilijengwa kabla ya sheria hiyo, katika enzi ambayo mwigizaji alilipwa kwa kuja studioni na si kwa kuendelea kupendwa. Katika miaka yake ya mwisho, vyombo vya habari viliarifu kwamba macho yalikuwa yakimsumbua na kwamba hali yake haikuwa nzuri, na umma ukaombwa kumchangia. Watu walichanga. Tunapenda kuusoma mchango huo, pamoja na msiba uliofuata mwaka 2015 ambao uliombolezwa na Wakenya wa makabila yote, kama jembe lililoshikwa mwishoni. Lilikuwa jembe la kweli. Lakini lilichelewa, na tena lilishikwa kwa hisani badala ya haki. Mtani hamchangii mtani wake kwa huruma. Humlipa anachomdai.

8.0 Hitimisho

Tulianza kwa kuuliza mcheza kwa jirani hutunzwa na nani. Mjadala wetu umeelekeza kwenye jibu lenye pande mbili. Anapaswa kutunzwa na jirani aliyeigwa, kwa kuwa mwigizaji wa namna ya Wanjau humpa jirani huyo uso na sauti mbele ya taifa zima, naye akubali kujitoa mwenyewe nyuma ya uso huo. Anapaswa pia kutunzwa na watu wa kwao, kwa kuwa amewaonyesha kwamba sauti ya mgeni inaweza kukaa kinywani mwao bila kuwadhuru. Katika kisa hiki pande zote mbili zilicheka kwa moyo mmoja, na zote mbili zilichelewa kulipa.

Kwa uhakiki wetu, kisa hiki kinadai mambo mawili. La kwanza ni kwamba tusimpime mwigizaji kwa nasaba yake, wala tusimsamehe kila kitu kwa jina la sanaa. Tumpime kwa kuuliza kama anayeigwa yumo chumbani na kama ana zamu ya kujibu. Kwa kipimo hiki wachekeshaji wengi wa leo, wanaomwiga jirani mbele ya umati wa watu wa kabila moja, au katika kanda fupi za simu zinazotazamwa na mtu mmoja mmoja gizani, wataonekana kuwa wameuacha utani na kuingia katika dhihaka, hata kama maneno wanayoyatumia ni yaleyale aliyoyatumia Ojwang'. La pili ni kwamba uhakiki wenyewe uanze kulipa. Idara zetu zimetoa tasnifu nyingi juu ya tamthilia zilizochapishwa, nyingine zikiwa hazijawahi kuigizwa hata mara moja. Maonyesho ya Vitimbi, yaliyotazamwa na nchi nzima kwa Kiswahili kilichokuwa hai, hayajapewa hata robo ya juhudi hiyo. Kanda zinachakaa na waigizaji wa kizazi kile wanaendelea kutuondoka. Kazi ya kwanza ya mhakiki juu yao ni nyepesi kuitaja, nayo ni kuandika katika kila sentensi inayomtaja Mzee Ojwang' kwamba aliyemwigiza aliitwa Benson Wanjau.